Antena tatu za lori nilizojaribu, na moja niliyobaki nayo

Mimi ni suka wa semi. Napiga Mtwara–Dar na mzigo wa saruji, na msimu wa korosho ukifunguka nageuzia Masasi na Newala, nashusha Mtwara. Mwaka juzi nilikwama siku nne kwenye foleni ya ghala, na ndani ya siku hizo ikaangukia mechi ya watani. Kibanda umiza cha karibu ni mpaka upande bodaboda, na mzigo wa watu hauachwi. Tukaangalia kwenye simu ya mpwa wangu, ambaye ndiye utingo wangu, bando likakata dakika ya 60. Akaniambia, “Mjomba, lori la tairi zote hizi linashindwa kubeba dishi?”

Nikaingia gharama. Nawaandikia ili ninyi msiingie ya aina yangu.

Ya kwanza ilikuwa lile kuba la plastiki jeupe, kama sufuria la pilau lililofunikwa, linalojitafutia setelaiti lenyewe. Nililipata kwenye duka moja Dar, mtumba kutoka Marekani, shilingi 450,000. Muuzaji alinihakikishia ni la kuchomeka na kutazama. Nililiwasha Nangurukuru, likaanza kunguruma na kuzunguka, likapanda, likashuka, dakika ishirini, kisha kimya. Somanga vilevile. Nyumbani Mikindani vilevile. Fundi mmoja wa madishi pale Mtwara mjini alicheka kwanza ndipo akanieleza: haya makuba yamepangiwa ndani yake setelaiti za kampuni za kule kwao, zilizoko nyuzi 101, 110 na 119 magharibi. Sisi tuko nyuzi 40 mashariki. Setelaiti hizo ziko upande wa pili wa dunia. Ungelipandisha hata juu ya mnara wa simu lisingeziona. Si bovu, limekuja tu nchi isiyo yake. Siku hizi kifuniko chake wananywea maji kuku wa mke wangu.

Ya pili ni antena bapa, ya mraba, inakaa nyuma ya kiti bila kusumbua. Hii sitaitukana, maana picha ilitoa. Shida ni kuitega. Setelaiti ya king'amuzi changu cha Azam iko juu ya ikweta kwenye nyuzi 7 mashariki, usawa wa kisiwa cha São Tomé, mbali sana magharibi mwetu. Kwa umbali huo mawimbi yanatufikia yamelala upande karibu nyuzi 70. Kwenye dishi la kawaida unazungusha LNB tu, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, basi. Antena bapa niliyonunua LNB imo ndani kwa ndani, kwa hiyo unalazimika kuilaza antena nzima ubavu, na kishikio chake hakikuundwa kwa mlalo huo. Tuliifunga kwa kamba ya turubai na kipande cha ubao. Lori kubwa likipita kwa kasi, ubora unaanguka. Nilimuuzia jamaa wa Lindi mwenye banda la chipsi, yeye ameigongomea ukutani na anaifurahia.

Niliyobaki nayo haina ujanja wowote: dishi la bati la sentimita 60, LNB ya kawaida, na stendi ya miguu mitatu aliyonichomelea fundi kwa 35,000. Mafundi wetu majumbani wanafunga la 80 au 90, na la 90 lingekuwa bora, lakini nyuma ya kiti haliingii na mimi nalala huko. Kwa jua la kawaida 60 linatosha. Mvua kubwa ikija, picha inavunjika vipande na inapotea, na ndiyo mvua yetu ya kuanzia Desemba, kwa hiyo dakika kumi unapiga stori.

Usilifunge juu ya kichwa cha lori. Leo umepaki ukitazama Kibiti, kesho unatazama Mingoyo, na dishi linataka upande uleule. Liweke chini, mguu mmoja ufungie dumu la lita 20 lenye maji. Upande wake ni jua linakozama, ukikata kidogo kulia. Dira ya simu itasoma kati ya 280 na 290. Kimo, yaani dishi linavyoinuka kutazama juu, ni kama nyuzi 50, ila jicho litakudanganya, maana madishi haya yanaonekana yamesimama wima kumbe yanatazama juu. Ukishapata, piga alama ya rangi kwenye stendi na kwenye LNB. Kutoka Mtwara hadi Dar kimo kinabadilika nyuzi mbili tu, hivyo alama ile inakubeba njia nzima. Utingo wangu sasa anatega kwa dakika tano. Kwenye king'amuzi tazama mstari wa ubora, ule wa nguvu unaweza kujaa hata umelenga pasipo. Na usipaki chini ya mkorosho. Kivuli kitamu, lakini majani yake mazito na picha hupati.

Umeme ndio ulioniunguzia king'amuzi cha kwanza. Lori ni volti 24, king'amuzi na TV ndogo za sola ni volti 12. Watu wengi wanachukua waya kwenye betri moja kati ya mbili, inafanya kazi, lakini betri ile inachoka kabla ya mwenzake na asubuhi lori haliwaki. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12, chenye fyuzi.

Waya wa antena nao uwe mzuri, usizidi mita kumi. Nilikuwa na wa mita 25, mwembamba, na nusu ya chaneli hazikuwepo. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 kwenye LNB kuchagua kundi la chaneli. Waya mbovu unazila njiani, zile za 18 zikifika pungufu kundi lote linapotea. Nilimlaumu fundi wa dishi wiki mbili bure, na bado sijarudi kumwomba radhi.