Kipumulio cha injini ya gari la zamani: kipi kinafaa kununuliwa Unguja na Pemba

Morris Minor ikivuja oili nyuma ya injini, wengi hukimbilia kutafuta sili. Injini yake, ya aina ya A-Series, haina sili ya mpira hapo. Ina mfereji wa mzunguko tu unaorudisha oili ndani. Gesi zinazopenya kwenye ringi za pistoni hutolewa na kipumulio; zikikosa pa kutokea, zinajaa na kuisukuma oili nje. Safari fupi za Mji Mkongwe hadi Mwanakwerekwe huzidisha tabu: injini haipati moto wa kutosha, unyevu unabaki ndani, na ukifungua kifuniko cha oili unakuta uji mweupe umeganda chini yake.

Kabla ya kutoa pesa, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Silinda ikisoma chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha na hakuna kipumulio kitakachokuokoa.

Kwa injini ya petroli iliyo nzima, kipumulio cha kwanza ni mfumo uliofungwa, unaovuta gesi na kuziunguza tena. Kama una kabureta ya chapa ya SU yenye mdomo wa ziada kati ya pistoni yake na kipepeo (kibati kinachofungua njia ya hewa), chukua njia hiyo bila kusita. Mvuto wa hapo ni mdogo na hautikisiki, kwa hivyo huhitaji valvu ya kuudhibiti. Unganisha mpira tu. Kabureta isiyo na mdomo huo inahitaji valvu kwenye menifoldi (bomba linaloingiza mchanganyiko kwenye silinda), nayo iwe ya injini yako au ya ukubwa huo huo. Ikipitisha hewa nyingi, injini inatetemeka gari ikisimama kwa kuwa petroli imepungua kwenye mchanganyiko. Valvu ya chapa ya Smiths ina kiwambo cha mpira ndani: kifungue ukikague kwenye mwanga, maana kikipasuka injini inakunywa oili na kutoa moshi wa buluu. Ukimaliza kufunga, washa injini ipate moto, kisha ondoa kifuniko cha oili. Mzunguko wa injini ukipanda kidogo, valvu inafanya kazi. Rekebisha kabureta upya.

Mfumo huu lazima uwe na pa kuingizia hewa safi, kwa kawaida kifuniko cha oili chenye filta. Ukifunga kifuniko kisichopitisha hewa, mvuto wote unageukia oili.

Cha pili ni mpira kutoka kava la valvu hadi ndani ya filta ya hewa. Ni rahisi, hauharibu mchanganyiko, ila filta inachafuka mapema. Kwa Land Rover ya dizeli ndiyo njia ya kufuata, kwa sababu menifoldi yake haina mvuto wa kuendesha valvu.

Kopo la kunasia oili ni nyongeza nzuri katikati ya mpira huo, likiwa na wavu wa chuma kisichoshika kutu ndani. Usitie stilwuli ya jikoni, inamomonyoka na vipande vinavutwa na injini. Wakati wa masika lifungue mara kwa mara umwage maji.

Vifilta vidogo vinavyobanwa juu ya kava hatuvipendi. Kila kitu chini ya boneti kinapata utando wa oili, ndani ya gari kunanuka, na vumbi la chokaa la barabara za shamba linagandamana hapo hadi kifilta kinaziba. Bomba la asili linaloelekea chini lina udhaifu mwingine: linavuta gesi pale tu gari likiwa mwendoni, kwa hivyo kwenye foleni ya Darajani halisaidii kitu. Libakize kama unataka gari libaki lilivyotoka kiwandani.

Kwa njia yoyote, nunua mpira unaostahimili oili. Wa rejeta unalainika, unavimba, kisha unajikunja na kuziba. Pima kipenyo cha nje cha bomba kwa kalipa kabla ya kuagiza Kariakoo, na uufunge mpira ukipanda moja kwa moja. Ukiacha bonde, maji yanatuama hapo na njia inaziba.