Traveller ya 1977: vitabu vitatu vyeusi, dadu mbili na deni la miaka 40

Kinachopitiwa hapa ni Traveller ya awali, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa angani, uliotolewa mwaka 1977 na Game Designers' Workshop ya Normal, Illinois, na kubuniwa na Marc Miller. Ndani ya boksi mna vijitabu vitatu vya jalada jeusi: cha wahusika na mapigano, cha vyombo vya anga, na cha sayari na safari. Ukiutafuta leo, chukua toleo lililorekebishwa la 1981. Kanuni kwa sehemu kubwa ni zilezile, ila maelezo yamenyooka zaidi. Boksi la zamani ni mali ya wakusanyaji. Kwa kucheza, PDF inatosha kabisa.

Vifaa vingine vyote vipo dukani kwa jirani. Mchezo unatumia dadu za kawaida za nyuso sita peke yake, hivyo dadu za ludo zinafaa. Ongeza penseli na daftari la mistari (mistari ina kazi yake, tutaifikia).

Mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi. Kila moja hupatikana kwa kurusha dadu mbili na kujumlisha. Kisha, akiwa na miaka 18, anajaribu kuandikishwa kwenye mojawapo ya kazi sita, na kuitumikia kwa mihula ya miaka minne minne. Kila muhula unampa ujuzi, lakini kila muhula lazima arushe dadu kuona kama amebaki hai. Akikosa, amekufa, na karatasi inakwenda kwenye pipa la taka kabla hata mchezo haujaanza.

Wengi hukimbilia kazi ya Skauti, wale wanaotangulia kupima njia mpya, kwa sababu anayestaafu huko anaweza kuachiwa chombo cha tani 100 bila deni. Piga hesabu kwanza. Skauti anahitaji 7 au zaidi kwa dadu mbili ili asife, na anaongezewa 2 ikiwa tu ustahimilivu wake ni 9 au zaidi. Bila nyongeza hiyo nafasi yake ni 21 kati ya 36, yaani asilimia 58 kwa muhula. Wanaomaliza mihula mitatu ni takriban mmoja kati ya watano. Akiwa na nyongeza, nafasi inapanda hadi asilimia 83.

Toleo la 1981 linaruhusu kifo kibadilishwe kuwa jeraha linalomwondoa mhusika kazini katikati ya muhula. Jaribuni kwanza kanuni kali. Ukikiondoa kifo, swali la kuacha kazi ukiwa na miaka 30 au kuthubutu muhula mmoja zaidi linapoteza uzito, na kila mtu atang'ang'ania hadi uzee, unaoanza kula nguvu, wepesi na ustahimilivu akifika miaka 34.

Tengenezeni wahusika pamoja, mezani, na mwamuzi (anayeendesha mchezo) akiwepo. Kosa la kawaida ni kila mtu kuja na wake kutoka nyumbani, halafu kugundua kuwa kundi zima halina rubani wala fundi mitambo. Rubani wa kuajiri anadai krediti (fedha ya mchezo) 6,000 kwa mwezi, fundi 4,000. Msidharau ujuzi wa daraja la 1 pia. Kufanya jambo la hatari ukiwa ndani ya vazi la anga, mfano kurukia chombo kingine bila kamba, kunataka 10 au zaidi, na kila daraja la ujuzi wa vazi hilo huongeza 4. Asiye na ujuzi ana nafasi ya asilimia 17. Mwenye daraja la 1 ana asilimia 72.

Moyo wa mchezo, hata hivyo, uko kwenye hesabu za chombo. Chombo cha biashara cha tani 200 kinagharimu krediti milioni 37.08. Unatanguliza asilimia 20, kisha rejesho la kila mwezi ni bei yote gawanya kwa 240, yaani krediti 154,500, kwa miezi 480. Mruko mmoja kati ya nyota huchukua wiki moja, na ukihesabu siku za bandarini unafanya safari mbili kwa mwezi.

Kikijaa, kinabeba tani 82 za shehena kwa krediti 1,000 kila tani, abiria sita wa daraja la juu kwa 10,000 kila mmoja, na abiria 20 waliogandishwa, wanaolala safari nzima, kwa 1,000. Hiyo ni 162,000 kwa safari, 324,000 kwa mwezi. Ukitoa rejesho, mafuta, hewa na chakula, na mishahara ya watu wanne, zinabaki zaidi ya 80,000. Sasa kijaze nusu tu. Mapato yanakuwa 162,000, na baada ya rejesho umebaki na 7,500 mkononi. Mafuta safi ya mwezi ni tani 50 kwa krediti 500, jumla 25,000. Vyumba saba vyenye watu (wafanyakazi wanne, abiria watatu) vinakula 28,000 za hewa na chakula. Hasara inapita 45,000, na hujalipa mtu mshahara.

Hapo mwamuzi hana haja ya kumsukuma mchezaji yeyote. Mafuta yasiyosafishwa ni krediti 100 kwa tani, ila yanaweza kuua injini au kukurusha usikokusudia. Mgeni anayetaka kusafirisha kreti asiyotaka ifunguliwe anasikilizwa kwa heshima zote. Vikundi vinavyoona hesabu hizi ni kero na kuziruka ndivyo vinavyolalamika baadaye kuwa mchezo hauna kisa. Kisa kiko kwenye rejesho. (Na waliogandishwa? Kila mmoja anahitaji 5 au zaidi wakati wa kuamshwa. Kwa kawaida mmoja kati ya sita haamki.)

Mapigano ni mepesi na makali. Umbali unapimwa kwa mistari ya lile daftari, kila mstari ukiwa mita 25. Kulenga ni 8 au zaidi, pamoja na marekebisho ya silaha, vazi la kinga na umbali. Jeraha linakatwa moja kwa moja kwenye nguvu, wepesi au ustahimilivu, na la kwanza lote linaangukia sifa moja inayochaguliwa kwa bahati. Risasi moja inatosha kumzimisha mtu mwenye afya njema. Waambieni wageni mapema, hasa waliozoea michezo ambayo shujaa hupigwa mara kumi akasimama.

Ramani ya anga ina vyumba 80 vya pembe sita, na kila kimoja kina nusu ya nafasi ya kuwa na sayari, hivyo tarajia kama 40. Hapa dadu hutoa maajabu: serikali kwenye sayari isiyo na watu, au mabilioni ya watu pasipo hewa na teknolojia ndogo mno kuwaweka hai. La kwanza lifute, andika sifuri. La pili lisifutwe haraka. Muulize mwamuzi nani anaimiliki mitambo ya hewa.

Udhaifu upo. Hakuna kanuni moja ya kujaribu jambo lolote. Kila ujuzi una namba yake, na mwamuzi lazima aandae karatasi ya kuzikusanya. Mhusika pia haongezeki ujuzi ila kwa miaka ya kujifunza, jambo linalowavunja moyo wanaopenda kupanda madaraja. Anayechuma hapa anachuma fedha, vifaa na marafiki.

Kwa jioni ya kwanza, tumieni saa moja kwa wahusika, kisha chombo kimoja chenye deni, sayari mbili zilizo umbali wa mruko mmoja, na shehena isiyofika nusu.