Feni ya rejeta ya mtumba: ipi uchukue, ipi uipite

Gari lililobadilishwa injini au kuongezewa turbo huchemsha zaidi kwenye foleni. Likiwa kasi upepo wa barabarani unatosha. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Ya mtumba haina ubaya, ila kabla ya kuuliza ukubwa wa feni, uliza kava lake, ile fremu ya plastiki inayoizunguka na kufunika rejeta, liko wapi.

Chaguo langu la kwanza ni feni ya kiwandani iliyong'olewa pamoja na kava kwenye gari lenye injini kubwa kuliko yako. Kava huilazimisha hewa ipite kwenye rejeta nzima; bila kava, feni hupoza zaidi ule mduara ulio mbele ya mapanga yake. Wapenzi wa magari ya kubadilishwa huisaka sana ile ya Ford Taurus ya V6, lita 3.8, yenye spidi mbili. Ni nene, kwa hiyo pima kwanza nafasi kati ya rejeta na puli ya pampu ya maji.

Zinafuata feni pacha zenye kava moja. Moja ikifa, nyingine itakufikisha nyumbani.

Nafasi ikiwa finyu kabisa, tafuta feni nyembamba ya SPAL, ya Italia. Hakikisha ni ya kuvuta, inayokaa nyuma ya rejeta upande wa injini. Muuzaji akisema ya kusukuma, ile ya kukaa mbele ya rejeta, utaigeuza iwe ya kuvuta kwa kubadilisha waya tu, usimsikilize: itazunguka kinyume, sawa, lakini mapanga yamepindwa kwa upande mmoja na hewa itapungua sana.

Ya Lincoln Mark VIII naiweka chini ingawa ina upepo mkali. Wakati wa kuanza hunyonya umeme mwingi mno, rilei (swichi ya umeme) ya kawaida huungua na altaneta ndogo, ile inayochaji betri, huzidiwa. Feni za magari mapya zenye mota isiyo na brashi (vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani ya mota) mara nyingi husubiri ishara ya kompyuta ya gari. Bila kontrola yake, yaani kifaa cha kuziongoza, achana nazo. Nyembamba zisizo na jina usizifikirie hata kidogo. Feni inayovuta ampea 7 haiwezi kutoa upepo wa ile ya ampea 25, hata kibandiko kiseme nini.

Ukishachagua, shika mapanga uyatikise. Yakicheza, beringi zimekwisha. Zungusha kwa kidole: isikwaruze. Kisha iunge kwenye betri na uiache ifanye kazi dakika kumi, si sekunde mbili za muuzaji, maana mota iliyochoka huanza vizuri ikiwa baridi. Nusa kama kuna harufu ya kuungua. Tazama soketi pia: plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka inaonyesha ilikuwa inapata joto kupita kiasi. Na mwambie asikate waya karibu na soketi. Akuachie angalau urefu wa shibiri, fundi wako apate pa kuungia.