Kumtafuta Grace Onyango Katikati ya Nairobi

Kumzungusha mtu katikati ya Nairobi kwa miguu ili amfahamu Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu, ni jambo nililolitilia shaka, na nilikuwa na shaka hiyo hiyo nilipolipa shilingi 1,500 Jumamosi iliyopita na kujiunga na kundi la watu kumi na wawili mbele ya sanamu ya aliyekuwa waziri Tom Mboya, Moi Avenue. Shaka iliniondoka katika kituo hicho cha kwanza. Kiongozi wetu, dada mtulivu ambaye sauti yake ilimezwa mara kwa mara na honi za matatu, hakuanza na kuzaliwa kwa Grace Onyango wala kazi yake ya ualimu, bali alianza na mwaka wa 1969. Mboya aliuawa karibu na hapo tarehe 5 Julai. Mwezi Oktoba ziara ya Rais Kenyatta mjini Kisumu ikaishia kwa risasi na vifo. Kisha chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Ni mji huo, ukiwa bado katika matanga, uliomchagua mwanamke, Onyango, mwezi Desemba auwakilishe bungeni, ilhali Bunge la 1963 halikuwa na mbunge hata mmoja wa kike. Matukio hayo niliyajua moja moja tangu shuleni, lakini hakuna aliyewahi kunipangia hivyo.

Nje ya City Hall, mzee mmoja wa kundi letu alishikilia kwamba meya wa kwanza mwanamke nchini alikuwa Margaret Kenyatta. Dada alimwacha amalize, kisha akamweleza kwa heshima kwamba Margaret Kenyatta alianza kuiongoza Nairobi mwaka wa 1970, wakati ambapo Onyango alikuwa ameshakuwa meya wa Kisumu tangu 1965, alipochukua nafasi ya Mathias Ondiek aliyefariki akiwa madarakani. Mzee alicheka na kukubali. (Kabla ya hapo tulikuwa tumeipita sanamu ya Dedan Kimathi, na ya Jomo Kenyatta iko hatua chache tu, katika uwanja wa jumba la mikutano la KICC, lakini hatukuonyeshwa sanamu ya mwanamke yeyote, na ningependa dada alitaje jambo hilo.)

Kasoro kubwa iko mwishoni. Tulifika Bunge tukiwa tumechelewa, tukasimama karibu na lango, na baada ya dakika chache askari akatuomba tusogee. Hivyo miaka kumi na minne ya Onyango bungeni, hadi 1983, ilisimuliwa tukiwa tunatembea: hatukusikia lolote kuhusu Chelagat Mutai na Julia Ojiambo waliochaguliwa naye mwaka wa 1974, na jinsi alivyokalia kiti cha Spika kama naibu wa muda ilitajwa kwa sentensi moja. Tuliambiwa mara nyingi kwamba alikuwa wa kwanza, lakini kazi aliyoifanya baada ya kuwa wa kwanza tuliachiwa tuitafute wenyewe. Hata kifo chake cha tarehe 8 Machi 2023, Siku ya Wanawake Duniani, nilikisikia nusu nusu tukivuka barabara.

Bei ni ya haki na kiongozi anaijua historia yake. Waandaaji wanunue kipaza sauti kidogo cha mkononi, wapunguze muda wa City Hall, na sehemu ya Bunge waisimulie mahali ambapo watu wanaweza kuketi.