Chungu cha umeme cha kupikia polepole: nyama na mboga

Chungu cha umeme nilichonunua hapa Kisumu hulainisha vizuri nyama ngumu ya muundi wa ng'ombe kwa saa 8 za moto mdogo, bila ya kuhitaji kukorogwa. Viazi na karoti ndivyo vilivyonisumbua: huiva polepole kuliko nyama, hivyo nilipoviweka juu vilibaki vigumu, na sasa ninavitandaza chini, karibu na joto, vikiwa vimekatwa vidogo. Sukuma wiki ya soko la Kibuye huingia mwishoni. Kwa kuwa mvuke hautoki kwa urahisi, maji kikombe kimoja yanatosha, ingawa wageni wangu wadadisi hufunua chungu kila mara na kuchelewesha chakula. Umeme ukikatika, narudi kwenye jiko la makaa.