Rada ya boti ndogo: usilipie maili usizoweza kuziona

Maboksi yote ya rada yanajisifu kwa maili: 24, 36, 48. Muuzaji naye huanzia hapo hapo, na ndiyo namba ya mwisho ninayoitazama.

Mawimbi ya rada hujikunja kidogo tu kufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo urefu wa antena ndio unaoamua. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha urefu wa unachokitafuta, kisha zidisha kwa 2.2. Jibu ni maili za baharini. Antena ikiwa mita 4 juu ya maji, mashua iliyoinuka mita 1 haiwezi kuonekana kupita maili 6 na nusu. Meli ya mita 25 itatokea kwenye maili 15 hivi. Na hapo ni hesabu tupu, maana mashua ya mbao hurudisha mwangwi hafifu na huchelewa kujitokeza kiooni, yaani kwenye skrini ya rada.

Maili nyingi zina mtego wake pia. Ukivuka kutoka Pemba kwenda Tanga, rada yenye nguvu inaweza kukuchorea milima ya Usambara kabla ya ufuo, kwa sababu ufuo uko chini na milima imesimama nyuma yake. Nahodha asiyelinganisha na ramani ataamini nchi kavu iko mbali kuliko ilivyo.

Kinacholipiwa hasa ni wembamba wa mwale, yaani ule mkanda wa mawimbi unaorushwa na antena. Mwale wa nyuzi 5 ukifika maili 1 una upana wa mita 160, na mashua mbili zilizoachana mita 100 zitaonekana kama kitu kimoja.

Ndiyo maana chaguo langu la kwanza ni kuba (antena iliyofunikwa kwa kifuniko cha mviringo) la inchi 24 lisilo na magnetroni, ile taa ya kizamani inayozalisha mawimbi, mfano Furuno DRS4D-NXT. Mwale wake ni nyuzi 3.9, na programu yake inaubana hadi kama 2. Ina Dopla, yaani hutambua kitu kinachokukaribia au kukuacha: kinachokujia hugeuka chekundu. Lakini chombo kinachokukatiza kwa ubavu, kisichokukaribia wala kukuacha, Dopla hukikosa, kwa hiyo rangi isikupumbaze. Uliza pia kama kioo ulicho nacho kinaikubali. Antena hizi kwa kawaida husema na vioo vya kampuni yake tu, na wengi hujua hilo wakishalipa.

Ya pili ni Raymarine Quantum 2 au Simrad Halo20+. Ni nyepesi, hazili betri sana, na zinaona vizuri karibu na boti, pale unapoingia mlango wa bandari usiku. Mwale ni nyuzi 4.9. Kwa boti ya uvuvi wa mchezo ya Watamu au Kilifi zinatosha kabisa.

Ya tatu ni magnetroni ya kilowati 4 yenye kioo chake, kama Furuno 1815. Ni ya kizamani, hungojewa dakika moja au zaidi ipate moto, na magnetroni huchakaa. Ila haitegemei kioo cha mtu mwingine. Antena ndefu ya wazi, isiyo ndani ya kuba, naiweka ya nne. Mwale wake ndio mwembamba kuliko yote, lakini uzito wake mlingotini na umeme inaokula ni mambo ya boti kubwa.

Mwangwi wa uongo haukwepeki hata ukinunua ya bei ghali. Boti ya abiria ikipita ubavuni, utaona upinde wa alama kwa umbali ule ule: hiyo ni miale ya pembeni. Alama mbili tatu zikijipanga mstari mmoja kwa nafasi sawa ni mwangwi unaorukaruka kati yako na chombo cha jirani. Alama inayotokea upande uliozibwa na mlingoti au bomba ni picha ya kitu kilicho kwingine, na hiyo dawa yake ni kuhamisha antena. Usikimbilie kuzungusha SEA, kitufe cha kupunguza mwangwi wa mawimbi ya bahari, hadi mwisho ili kioo kisafike, kwa sababu ngalawa hufutwa pamoja na mawimbi hayo.

Mitumba iko mwisho. Rada nyingi za Kijapani huja na menyu ya Kijapani, na muuzaji atakuwashia duka likiwa katikati ya mji, mahali usipoweza kupima kitu. Ng'ang'ania kuiona bandarini. Tafuta kwenye menyu saa ambazo imerusha mawimbi, si saa za kuwashwa tu. Pima umbali wa boya unalolijua, ulinganishe na ramani. Kisha fungua kiungo cha waya wa antena: ukiona kutu ya kijani, rudisha pesa mfukoni.