Koki ya shaba ya robo mzunguko: miezi saba bafuni kwangu

Koki ya zamani ya bafuni kwangu ilivuja mwaka mzima. Raba ilibadilishwa mara tatu, kila mara fundi anachukua shilingi 15,000, na wiki mbili baadaye matone yanarudi. Usiku mmoja nikaitegea ndoo ya lita 20 saa tatu; saa kumi na mbili asubuhi imejaa pomoni. Kwa mwezi hiyo ni zaidi ya uniti moja na nusu (uniti moja ni lita 1,000) ya maji yanayoishia shimoni. Iliniuma sana, maana nimeshaishi kwa kununua maji ya ndoo.

Nikaamua koki nzima itoke. Kariakoo muuzaji aliniwekea mbili mezani, ya 7,000 na ya 28,000, zote zinang'aa sawasawa. "Mama, shika hii, halafu shika hii," akaniambia. Ya pili ilikuwa nzito. Akanigeuzia upande wa tredi, ile mistari ya kuskrubia kwenye bomba: ndani ni njano, shaba yenyewe, ile ya kwanza ni kijivu. Koki ya kijivu kama hiyo ilimkatikia jirani yangu, tredi ikabaki ndani ya bomba, na marumaru zikavunjwa ili kuitoa. Nikachukua ya shaba, nusu inchi, ya robo mzunguko (mpini unaugeuza robo tu, maji yanafunguka), na tepu nyeupe ya kuzungushia tredi isivuje. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana, niliazima.

Nilifunga valvu ya mita na ya tanki la juu. Ukiwa na tanki, msisahau hiyo ya pili. Koki ilikuwa imeganda kwa chumvi ya kisima, nikaifunga kitambaa chenye siki kwa saa nzima, ndipo ikakubali. Ilipotoka nikaelewa kwa nini raba hazikusaidia: pale raba inapokalia, maji yalikuwa yameshachimba kijifereji chembamba, kama mkwaruzo wa ukucha. Hakuna fundi aliyewahi kunionyesha.

Kabla ya kufunga mpya nilifungulia maji kidogo yatoke kwenye bomba tupu. Yalitoka ya kahawia, na chini ya ndoo mchanga. Hatua hii msiiruke hata kidogo. Ndani ya koki hizi hakuna raba ya kukandamizwa, kuna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na punje moja ya mchanga inatosha kuvikwaruza.

Tepu niliizungusha kinyume mara ya kwanza, ikajikunja nilipokaza, maji yakachuruzika. Nikatoa, nikaizungusha upya kuelekea upande wa kukazia, raundi kumi na mbili. Ukikaza na mdomo wa koki ukapita upande unaotaka uelekee, usirudishe nyuma; toa uongeze tepu.

Miezi saba sasa, hakuna tone. Kilichonifurahisha zaidi ni mama yangu. Viungo vya mikono vinamsumbua, na koki ya zamani ilikuwa lazima aite mtu amfungulie. Hii anaisukuma kwa kiganja, anakoga kwa wakati wake.

Kasoro ninayoiona: chumvi inaacha madoa meupe, nayasugua kwa limau kila Jumamosi. Na ukiifunga kwa ghafla, bomba linagonga ukutani. Watoto nimewaambia waifunge polepole.